Baraza Bila Baraza: Uhakiki wa Ofisi Endelevu za Halmashauri kama Nyenzo ya Kuhuisha Kitovu cha Mji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai linalorudiwa mara kwa mara katika mipango miji, kwamba jengo jipya na endelevu la halmashauri huweza kuhuisha kitovu cha mji uliodorora. Jengo la msingi linalohakikiwa ni kituo cha kiraia cha Keynsham, Uingereza, kilichofunguliwa katikati ya miaka ya 2010. Linalinganishwa na jengo la Council House 2 la jijini Melbourne, Australia, lililofunguliwa mwaka 2006. Kigezo cha uhakiki kimechotwa katika Kiswahili chenyewe: neno baraza, kwa maana zake mbili za kikao cha maamuzi na kiti cha nje ya nyumba. Makala yanahoji kuwa vipimo vya uendelevu vinavyotumika sasa hupima yanayotokea ndani ya kuta, ilhali dai la kuhuisha mji huthibitika au kukanushwa kizingitini. Kwa sababu hiyo, jengo linaweza kufaulu vipimo vyote vya nishati na bado likashindwa kutimiza ahadi iliyotolewa kwa mji wakati fedha za umma zikiombwa.

1.0 Utangulizi

Ofisi ya halmashauri ni jengo la ajabu kidogo miongoni mwa majengo ya mji. Si duka, lakini kila mfanyabiashara hulazimika kuliendea kutafuta leseni. Si mahakama, lakini ndani yake hukatwa mashauri ya viwanja, vibali na ushuru. Hujengwa kwa fedha za wote, na kwa kawaida hutumiwa kila siku na wachache. Ndiyo maana halmashauri inapotaka kujenga ofisi mpya hujikuta ikitafuta hoja inayovuka mahitaji ya watumishi wake. Katika miongo ya karibuni hoja hiyo imekuwa na sehemu mbili: kwamba jengo litatumia nishati kidogo, na kwamba litarudisha uhai katika kitovu cha mji.

Sehemu ya kwanza ya hoja ina vipimo vyake. Sehemu ya pili mara nyingi hukubaliwa kwa imani tu. Tatizo ambalo makala haya yanalishughulikia ni hilo: sehemu hizi mbili hutajwa kwa pamoja katika sentensi moja kana kwamba ya kwanza inaithibitisha ya pili. Uhakiki huu unazitenganisha, kisha unauliza ni kwa njia gani, na kwa masharti gani, jengo la ofisi huweza kuufaa mtaa ulio nje yake. Ieleweke kwamba huu ni uhakiki wa umbo la jengo na wa hoja iliyolizaa. Hautoi vipimo vipya vya nishati wala hesabu mpya za biashara.

2.0 Baraza kama Kigezo cha Uhakiki

Katika Kiswahili, chombo cha uwakilishi na kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba huitwa kwa jina moja. Tunalo Baraza la Madiwani, Baraza la Mawaziri na Baraza la Wawakilishi. Nchini Kenya wananchi huitwa kwenye baraza la chifu. Vilevile tunazo baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar, yaani viti virefu vya mawe na chokaa vilivyoshikana na ukuta wa nyumba, ambako majirani huketi jioni, kahawa ikapita na habari zikasambaa. Katika nyumba za kale za Lamu, daka lenye viti pande zote mbili hutimiza kazi hiyo hiyo: mgeni hupokelewa hapo kabla mwenye nyumba hajaamua kumkaribisha ndani.

Mambo matatu yanaifanya baraza kuwa kigezo chenye manufaa kwa mhakiki wa usanifu majengo. Kwanza, baraza ni mali ya nyumba lakini matumizi yake ni ya mtaa. Mwenye nyumba hulipia mawe na chokaa, na mpita njia huketi bila kuomba ruhusa. Pili, baraza haidai sababu. Mtu aliyeketi haulizwi amefuata nini. Tatu, baraza inategemea hali ya hewa: huwa upande wenye kivuli, na watu huihama au huirudia kwa kufuata jua. Kwa hiyo ndani ya umbo moja dogo hukutana masuala matatu ambayo mipango ya leo huyatenganisha, yaani ukarimu wa kiraia, matumizi ya mtaa na kukubaliana na tabianchi.

Isidhaniwe kuwa makala yanaitukuza baraza kama kitu kisicho na doa. Baraza za kale zilikuwa na mipaka ya jinsia na tabaka, na viti vya mbele ya boma la kikoloni vilikuwa mahali pa kungojea kodi na adhabu. Hata hivyo, kasoro hizo zinaonyesha ukweli ule ule: ukitaka kujua utawala unamwonaje raia, tazama mahali anapongojea.

3.0 Kituo cha Kiraia cha Keynsham

3.1 Mji uliopoteza kiwanda

Keynsham ni mji mdogo ulio kati ya Bristol na Bath, mahali ambapo mto Chew unaingia mto Avon. Kwa muda mrefu ulijulikana kwa kiwanda cha chokoleti cha Somerdale, ambacho kampuni ya Fry ilikijenga kuanzia miaka ya 1920 na ambacho baadaye kilikuwa chini ya Cadbury. Cadbury ilitangaza mpango wa kukifunga mwaka 2007. Kampuni ya Kraft, ilipokuwa ikitaka kuinunua Cadbury, ilidokeza kuwa ingeweza kukiacha wazi. Ununuzi ulipokamilika mapema mwaka 2010, kauli hiyo ilibatilishwa, na uzalishaji ulikoma mwaka 2011. Takriban ajira 400 zilipotea.

Ni katika mazingira hayo ambapo halmashauri ya Bath na North East Somerset iliamua kubomoa ukumbi wa mji na maktaba, majengo ya zege ya miaka ya 1960 yaliyokuwa kando ya barabara kuu ya maduka, na kujenga mahali pake ofisi mpya, maktaba, dawati la huduma kwa wananchi na maduka. Wasanifu walikuwa AHR, wahandisi wa mifumo ya jengo Max Fordham, na mkandarasi Willmott Dixon. Gharama ya mradi ilikuwa takriban pauni milioni 34.

Historia hii ina uzito katika uhakiki kwa sababu inafafanua ukubwa wa ahadi. Kiwanda kilileta fedha kutoka nje ya mji kwa kuuza bidhaa. Ofisi ya halmashauri huhamisha mishahara inayolipwa kwa kodi kutoka jengo moja hadi jingine. Mtumishi anayehamia Keynsham kutoka ofisi iliyofungwa katika mji jirani ananunua chakula chake cha mchana Keynsham, lakini ameacha kukinunua kule alikotoka. Ofisi inaweza kubadilisha mahali fedha zinapotumika, haizizalishi. Hoja yoyote ya kuhuisha mji isiyokiri tofauti hii huanza na hesabu mbovu.

3.2 Umbo la jengo na mtaa

Ubora wa kwanza wa jengo la Keynsham ni kwamba halikujengwa kama mnara wala kama sanduku moja. Ukubwa wake umegawanywa katika sehemu kadhaa zenye mapaa ya umbo la meno ya msumeno, na kati ya sehemu hizo watu hupita kwa miguu. Katika mji wa nyumba za ghorofa mbili na tatu, uamuzi huo una maana kubwa. Jengo kubwa lililofungwa lingeikata barabara ya maduka vipande viwili. Jengo lililopasuliwa linaruhusu barabara iendelee ndani yake.

Ubora wa pili uko ghorofa ya chini. Maktaba na dawati la huduma vimewekwa mahali pamoja. Katika mpangilio huo, anayekuja kuazima kitabu na anayekuja kulalamikia kodi ya nyumba hupita mlango mmoja, wala anayetazama kutoka barabarani hawezi kutambua nani amekuja na shida. Kwa mtu mwenye deni au mwenye njaa, jambo hilo si dogo. Maktaba hapa inafanya kazi ya baraza: ni sehemu ya jengo la utawala ambako mtu haulizwi amefuata nini. Laiti dawati la huduma lingejengwa peke yake, lingekuwa chumba cha kungojea, na chumba cha kungojea humkumbusha mtu kila dakika kwamba yeye ni mwombaji.

Maduka ya ghorofa ya chini yana hali tofauti. Duka ni baraza ya masharti: humkaribisha mwenye fedha, kisha humtazama saa. Maduka husaidia kuuweka mtaa macho, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya maktaba. Endapo siku moja bajeti itabana na maktaba ikapunguziwa saa, jengo litabaki na vyeti vyake vyote huku likiwa limepoteza sehemu iliyolifanya kuwa la mji.

3.3 Nishati inayopimwa katika matumizi

Eneo ambalo jengo la Keynsham limetoa mchango wa kipekee ni uaminifu wa vipimo. Nchini Uingereza kuna aina mbili za vyeti vya nishati ambazo mara nyingi huchanganywa. Kimoja hukokotolewa kutokana na michoro na sifa za jengo. Hueleza jengo lingepaswa kutumia nishati kiasi gani. Cha pili, ambacho tangu mwaka 2008 majengo makubwa ya umma yanatakiwa kukibandika mahali panapoonekana, hutokana na usomaji wa mita. Hueleza jengo limetumia kiasi gani hasa. Madaraja yake huanzia A hadi G. Pengo kati ya vyeti hivi viwili ni kidonda sugu cha usanifu endelevu: majengo mengi yaliyosifiwa kwenye karatasi hutumia nishati nyingi kuliko ilivyotabiriwa mara yanapokaliwa na watu wenye kompyuta, birika za umeme na tabia zao.

Katika mradi wa Keynsham, daraja A la matumizi halisi liliwekwa katika mkataba kama lengo ambalo mkandarasi na wabunifu walilazimika kulifuatilia hata baada ya kukabidhi funguo. Wasanifu wake wanalitaja kama jengo lililofikia daraja hilo. Njia zilizotumika si za kimiujiza. Ghorofa za juu zimejengwa kwa mbao za tabaka zilizopishana na kugandishwa kwa gundi. Madirisha ya upande wa kaskazini wa mapaa huleta mwanga usio na jua kali, na miteremko ya kusini imebeba paneli za sola. Hewa hupita kwa kiasi kikubwa bila mashine. Jambo jipya ni kwamba mtu fulani alikubali kuwajibika kwa namba ya mita, na si kwa uzuri wa mchoro.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo hili lina mwangwi unaofahamika. Kuna tofauti kati ya dhamira ya mtunzi na maana inayopatikana pale msomaji anapokutana na kazi. Cheti cha kwanza hutathmini dhamira. Cha pili hutathmini usomaji. Keynsham ilikubali kuhukumiwa kwa usomaji.

3.4 Mahali hoja inapolegea

Pamoja na sifa hizo, hoja ya Keynsham ina nyufa tatu. Ufa wa kwanza ni wa hesabu ya kaboni. Cheti cha matumizi huanza kuhesabu siku jengo linapokaliwa. Zege lililobomolewa, lori zilizolibeba, saruji na chuma kipya havimo. Inawezekana kabisa kuwa jengo la zamani halikufaa kukarabatiwa. Lakini kipimo kilichochaguliwa hakimwezeshi msomaji kuliamua suala hilo, kwa sababu kinaligeuza bomoabomoa kuwa jambo lisilo na bei.

Ufa wa pili ni wa kimahudhurio. Ahadi ya kuhuisha mji ilitegemea watumishi kuwapo ofisini siku tano kwa wiki na kushuka barabarani mchana. Tangu mwaka 2020 kazi za ofisi nchini Uingereza zimegawanyika kati ya nyumbani na ofisini. Meza iliyo tupu haitumii umeme. Kwa hiyo jengo linaweza kuonekana bora zaidi kwenye mita kadiri linavyozidi kuutupa mtaa. Hapa ndipo sehemu mbili za hoja, ambazo hutajwa kama ndugu, hugeuka kuwa washindani.

Ufa wa tatu ni wa ukimya. Cheti cha nishati hubandikwa ukutani ili kila aingiaye akione. Hakuna cheti kinachosema ni watu wangapi walioketi ndani bila kununua kitu, au ni maduka mangapi ya jirani yaliyobaki wazi miaka mitano baadaye. Ahadi iliyotolewa kwa mji haina mita.

4.0 Melbourne: Jengo Lililompima Mtumishi

Mlinganisho na Council House 2 unasaidia kuonyesha kuwa ukimya huu si wa Keynsham pekee. Jengo hilo la ghorofa kumi lilijengwa na Jiji la Melbourne katika barabara ya Little Collins na kufunguliwa mwaka 2006. Lilikuwa la kwanza nchini Australia kupata nyota sita za Green Star katika ubunifu wa ofisi. Msanifu wake mkuu, Mick Pearce, aliyeshirikiana na kampuni ya DesignInc, alikuwa amekwisha kujipatia jina barani Afrika kwa jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo hupozwa bila viyoyozi vya kawaida na ambalo wazo lake lilihusishwa na kichuguu cha mchwa. Kwa hiyo ujuzi uliokomaa Harare ulisafiri hadi Australia, jambo ambalo wanafunzi wetu wa usanifu wanapaswa kulikumbuka wanapofundishwa kuwa teknolojia hutoka kaskazini kuja kusini.

Katika jengo la Melbourne, madirisha hufunguka usiku ili hewa baridi ipoze dari za zege zenye mawimbi, na mchana dari hizo hunyonya joto la watu na mashine. Upande wa magharibi umefunikwa na vibao vya mbao kuukuu vinavyogeuka kufuata jua. Jengo pia lina minara ya matone ya maji ya kupoza hewa na feni za upepo za manjano zilizo juu ya paa. Baadhi ya mifumo ilihitaji marekebisho baada ya jengo kuanza kutumika, jambo linalothibitisha tena kuwa mchoro si mita.

Linalovutia zaidi ni kilichopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kuwa tija ya watumishi, kwa namna wao wenyewe walivyoieleza, ilipanda kwa asilimia 10.9 baada ya kuhamia. Takwimu hiyo imenukuliwa mno, kwa kuwa iliwapa watetezi wa majengo endelevu hoja ya kifedha. Lakini tuitazame kwa kigezo cha baraza. Aliyeulizwa ni mtumishi, si mpita njia wala mwenye mgahawa wa jirani. Keynsham ilipima mita. Melbourne ilimpima aliye mezani. Hakuna kati yao aliyempima aliye kizingitini, ingawa ndiye aliyetajwa kama sababu ya jengo kuwekwa katikati ya mji.

5.0 Maana ya Hoja kwa Halmashauri za Afrika Mashariki

Suala hili si la Uingereza na Australia tu. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilizitaka halmashauri zilizokuwa na makao makuu nje ya maeneo yake ya utawala zihamie ndani ya maeneo hayo. Nia ilikuwa njema: kuwasogezea wananchi huduma. Hata hivyo, agizo la namna hiyo huacha wazi swali la mahali hasa. Ofisi inaweza kuwa ndani ya mpaka wa wilaya na bado ikawa kilometa kadhaa kutoka stendi na sokoni, kwenye kiwanja kikubwa kilichopatikana kwa sababu hapakuwa na mtu.

Anayeijua miji yetu anajua kuwa ofisi ya serikali huwa na uchumi wake mdogo getini: mama lishe, wenye steshenari wanaotoa fotokopi, wapiga picha za pasipoti, bodaboda wanaongojea abiria. Uchumi huo haumo katika michoro ya ofisi yoyote. Ofisi ikihama, nao huhama au hufa. Kwa maana hiyo uhuishaji wa mji kwetu si jambo la kuagizwa kutoka nje; upo tayari, ila hutendewa kama uchafu wa kuondolewa siku ya uzinduzi. Halmashauri iliyo makini ingeanza usanifu wake hapo: kivuli, maji, choo na viti upande wa barabara, kisha ndiyo ipande ghorofani.

Aidha, umbo linalorithiwa na ofisi nyingi mpya, yaani ukuta, geti, mlinzi na daftari la wageni, huipindua baraza. Kila aingiaye hudaiwa sababu. Raia aliyefika saa mbili asubuhi kufuatilia kibali cha ujenzi hungojea chini ya mwarobaini. Mwarobaini ule, uliopandwa bila mshauri yeyote, mara nyingi ndio sehemu ya jengo iliyosanifiwa vizuri zaidi kwa tabianchi na kwa heshima ya mtu.

Kuhusu nishati, funzo lisichukuliwe kwa kunakili. Mbinu ya kupoza zege usiku hufaa nyanda za juu zenye usiku wa baridi, kama Harare, na kwa kiasi fulani Dodoma. Katika mwambao, ambako usiku ni wa joto na unyevu, zege halipati nafasi ya kupoa. Huko kinachofaa ni upepo kupita ndani moja kwa moja, paa pana na ukuta wenye kivuli. Popote karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa na jua la chini, hivyo jengo refu hulala kufuata mhimili wa mashariki na magharibi ili pande zake fupi ndizo ziumie. Jengo la vioo vya alumini lenye viyoyozi kila dirisha hupuuza yote hayo, kisha humtumia mlipa kodi ankara ya umeme.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kuwa jengo la Keynsham linastahili heshima kwa kukubali kuhukumiwa na mita, na kwa kuweka maktaba mahali ambapo utawala hukutana na mtaa. Umeonyesha pia kuwa mafanikio hayo mawili yanatokana na maamuzi tofauti, na kwamba la kwanza haliwezi kutumiwa kama ushahidi wa la pili. Melbourne imethibitisha kuwa hata jengo lenye tuzo na tafiti nyingi linaweza kumwacha mpita njia nje ya hesabu.

Makala yanapendekeza kwamba mkataba wa ofisi yoyote ya halmashauri inayotetewa kwa hoja ya kuhuisha mji uwe na sharti la pili kando ya lile la nishati: kuhesabu, kabla ya ujenzi na kwa miaka kadhaa baada yake, biashara zilizo wazi katika mitaa inayozunguka jengo, watu wanaotumia sehemu zake za wazi bila shughuli ya kiofisi, na muda ambao raia hungojea na mahali anapongojea. Vipimo hivyo ni rahisi. Vinahitaji daftari na mtu wa kusimama mtaani. Watafiti wa miji ya Kiswahili wanaweza kuanza navyo katika wilaya zilizohamisha makao yake baada ya mwaka 2019, wakilinganisha geti la zamani na geti jipya, na kuwauliza mama lishe wa pande zote mbili hesabu za siku zao.